Chagua Nyenzo Inayokubali Kubadilishwa

Walimu wenzangu, wazazi, na wanafunzi wa ualimu, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie nyenzo za kufundishia zilizoko mtandaoni kwa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, hasa yale yenye watoto wa mahitaji maalumu. Sitawasomea orodha ya tovuti. Orodha mnazo, tena ndefu kuliko muda mlio nao wa kuzipitia. Nataka tuzungumzie kigezo. Mwalimu amekaa usiku anaandaa somo, mbele yake kuna nyenzo ishirini za mada ile ile. Achukue ipi? Wengi wetu huchukua iliyopendeza. Mimi nasema achukue ile anayoweza kuibadilisha. Anayemshonea mtoto sare humwambia fundi aache upindo wa kuteremsha, na nyenzo nayo inahitaji upindo.

Tuchukue karatasi moja ya mazoezi ya kutoa namba ndani ya 20. Ina maswali kumi na sita, pembeni imezungushiwa wanyama wa katuni, maandishi ya kijani yamewekwa juu ya njano, na yote imehifadhiwa kama picha. Inavutia kweli. Mwalimu anaichapisha na kuigawa.

Mtoto mwenye uoni hafifu hazioni tarakimu. Ukimwekea kompyutani, hata programu ya kusoma skrini kama NVDA, ambayo ni ya bure, kwa kawaida haipati cha kumsomea, kwa kuwa maandishi yamo ndani ya picha. Mtoto mwenye usonji huenda akabaki na wale wanyama, asifike kwenye swali la kwanza. Na yupo yule ambaye vidole vyake havitii penseli. Majibu yote anayo kichwani, lakini kisanduku cha kujazia ni kidogo kuliko tarakimu anayoweza kuiandika. Huyu ndiye huniuma zaidi, maana karatasi ikirudi itasema hajui hesabu.

Sasa tuseme karatasi hiyo ingekuwa faili la maandishi linalofunguka. Mwalimu anafuta wanyama. Anaweka maswali manne tu kwa ukurasa, anakuza herufi, anageuza rangi. Tena kwenye rangi hahitaji kubahatisha: miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Vipimo vya bure vya kukagua hilo vipo mtandaoni. Yule wa vidole anaandaliwa kadi kubwa za tarakimu, aziweke kwa kusogeza, mezani au kwenye kishikwambi. Angalieni kwamba hesabu haijaguswa. Naomba tuwe wakali hapa, kwa sababu mara nyingi tunaposema tumemrahisishia mtoto, tumemnyang'anya somo lenyewe.

Kufunguka kwa faili hakutoshi kama sheria hairuhusu. Leseni za kwanza za Creative Commons, shirika linaloandaa leseni za wazi za kazi za ubunifu, zilitolewa mwaka 2002, na tangu hapo mwenye kazi anaweza kutamka mapema nini kinaruhusiwa. Kabla ya kupakua, tafuta alama za leseni. Ukiona ND, maana yake unaweza kuigawa kazi kama ilivyo, lakini huruhusiwi kusambaza uliyoibadilisha. Kwa darasa letu hiyo ni kasoro kubwa, hata kazi iwe nzuri namna gani. Kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013. Nchi zilizojiunga nao huweka nafasi katika sheria zao ili taasisi zinazowahudumia watu hao zitengeneze nakala za sauti, za maandishi makubwa au za nukta nundu bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Ulizeni kama nchi yenu imo.

Mfano wa upindo mpana ni ARASAAC, mkusanyiko wa alama za picha wa serikali ya jimbo la Aragón, Hispania. Picha zake unaruhusiwa kuzibadilisha, ilimradi huzitumii kibiashara, unamtaja mwenye kazi, na kazi yako unaitoa kwa leseni hiyo hiyo. Nazo zinatosha kujenga ratiba ya siku: kusoma, kucheza, kula, kwenda nyumbani. Mtoto anayetishwa na mabadiliko huona kinachofuata kabla hakijamfikia. Kwa mtoto asiyezungumza, picha hizo hizo ndizo maneno yake. Basi ubao wake wa picha za kuzungumzia usiishie kwenye maji na choo. Uwe na "sitaki", uwe na "nisaidie", uwe na "bado sijamaliza". Na usifungiwe kabatini kengele ikilia, kwa sababu wenzake hawaachi kusema wakati wa mapumziko.

Kuhusu viziwi, maandishi ya chini ya video tunayategemea kupita kiasi. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajaanza kusoma hayamsaidii. Anahitaji lugha ya alama, na mkalimani aonekane mikono na uso, asibanwe kwenye kona ya skrini.

Pasipo na intaneti ya kuaminika, programu ya kujifunzia iitwayo Kolibri hukuwezesha kupakia masomo kwenye kompyuta moja na kuyasambaza kwa vifaa vingine vilivyo karibu bila mtandao. Majaribio mengi ya sayansi ya kuigwa kwenye kompyuta ya PhET, mradi ulioanza Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 2002, nayo hupakuliwa yakatumika hivyo hivyo, na baadhi yake huendeshwa kwa kibodi pekee. Na programu yoyote inayodai jina, picha au aina ya ulemavu wa mtoto kabla ya kumfunza kujumlisha, iacheni.

Najua jibu litakalokuja: muda uko wapi? Muda hautoshi, na mimi sidai kila mwalimu abadilishe kila kitu. Ila ukishaibadilisha karatasi ile ya mazoezi ya kutoa, usiiache ife kwenye simu yako. Juu yake andika umebadilisha nini na kwa mtoto wa mahitaji gani, bila jina lake, taja chanzo na leseni, kisha mpe mwalimu wa darasa la jirani. Yeye ataanzia pale ulipoishia.

Kompyuta na projekta viko hapa. Mwenye nyenzo aliyoitumia wiki hii na ikamwacha mtoto mmoja nyuma, ailete mbele tuifungue pamoja.