Nanyuki mpaka Mombasa kwa gari, siku 4: njoo tupange

Haya jamani, asalaam aleikum, mko na mimi tena hapa Mombasa, nimekaa zangu barazani na karatasi na kalamu kama mnavyoona, na leo tunapanga safari ya gari kutoka Nanyuki pale chini ya Mlima Kenya mpaka huku baharini. Imeanzia kwa shemeji yangu, yeye yuko hukohuko Nanyuki, kanipigia juzi ati atashuka na watoto kwa siku 1. Nikamwambia shemeji, hizo ni karibu kilomita 700, utafika umenuna na watoto wamegombana mpaka hawana la kugombania, chukua siku 4.

Sasa hatua ya kwanza, kabla hujafungua ramani, andika hapa juu: SAA 11 JIONI. Ikifika hiyo saa gari limeegeshwa, basi. Jua kwetu linazama saa 12 na nusu hivi na barabara ya Mombasa usiku ni malori mbele malori nyuma, na ukikaribia mbuga ya Tsavo ndovu huvuka, hana taa yule. Kwa hivyo panga kwa masaa ya mchana, kilomita zitajipanga zenyewe.

Hatua ya pili, chora njia. Siku ya 1, Nanyuki, Karatina, Sagana, Thika, unapita Nairobi na unalala upande wa Athi River. Usilale katikati ya mji, asubuhi utakula jam ambayo ungeikwepa. Siku ya 2 shuka mpaka Emali, hapo ukate kulia uende Kimana na Loitokitok, lami mpaka mwisho. Hapa kuna hasara moja niseme ukweli, ukikata Emali unaikosa Makindu na lile hekalu la Masingasinga, pale msafiri yeyote hupewa chai na chakula bure, lakini unapata Kilimanjaro, mita 5,895, mbele ya uso. Na mlima ule ni wa alfajiri, ukiamka saa 3 ushajifunika mawingu, ndio maana nasema mlale Loitokitok wala msipite tu. Bebeni masweta, watu wa pwani nyinyi nawajua.

Siku ya 3 mnazunguka kwa Taveta, mnunue ndizi, halafu mshike ile barabara ya Mwatate inayokata ndani ya Tsavo West, pembeni mtaona kilima cha Salaita, Waingereza na Wajerumani walipigana pale Februari 1916. Ukifika Mwatate panda Wundanyi ulale juu milima ya Taita. Ukitaka kuingia mbugani kwenyewe lipia eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, mapema, getini hawapokei kesh, na fanya hivyo ukiwa na netiweki maana kuna vipande vya njia simu inakuwa ya kuangalia saa tu. Ramani nayo pakua kabla.

Hatua ya tatu mafuta, hii haraka haraka. Na mizunguko yote weka kilomita 900, gari lako likienda 12 kwa lita ni lita 75, zidisha kwa bei ya siku hiyo. Jaza tanki Emali, jaza tena Taveta, usingoje taa iwake.

Hatua ya nne ndio nataka mnisikilize, sogeza kamera hapa kwenye gia. Kushuka Wundanyi ni kona juu ya kona, na mwaka ule nilishuka na baba mkwe wangu kiti cha mbele nimekanyaga breki tangu juu, nikaona mzee anakunja pua, kumbe harufu ya breki ishaingia ndani, pedali imekuwa laini kama mkate wa kumimina. Tukasimama karibu saa nzima, mzee hakusema neno, na ningependa angesema. Kwa hivyo: gari la gia shuka na gia ya 2, ile uliyopandia ndio ushukie. Otomatiki vuta mpaka 2 au L, hivi, umeona? Injini italia, iache ilie. Breki iguse kisha uachie, iguse uachie. Ikinuka, egesha, na usimwagie maji.

Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, mchana zikipata moto usiupunguze. Angalia spea, jeki, na zile pembetatu nyekundu ziko kwa buti chini kabisa ama juu ya mizigo? Ziwe juu.

Siku ya 4, Voi, Maungu, Mackinnon Road, pale simameni kwenye ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, wasafiri wengi husimama, kisha Taru, Samburu, Mariakani. Toka Wundanyi saa 12 na nusu asubuhi, kuanzia Mariakani malori yanaongezeka na joto pia. Ukielekea Diani kata Miritini upite barabara ya Dongo Kundu, hakuna haja ya kupanga foleni ya feri Likoni.

Ah, na la watoto: chupa ya maji ikiisha kule Wundanyi ifungeni kifuniko vizuri muiweke mlangoni. Mkifika Changamwe itakuwa imejikunja yenyewe kama mtu kaikamua, hewa ya huku ni nzito kuliko ya juu. Shemeji, ukipita Mazeras nibipu, nitakuwa pale Mama Ngina kando ya bahari na viazi karai, na ukwaju naweka kando, watoto wako siwajui wanakula pilipili kiasi gani.