Jaji Hachagui Pa Kumwaga Taka

(Mhadhara kwa wakazi na viongozi wa mitaa, Tabata, Dar es Salaam)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni.

Nimekuja kwa daladala, na konda alipoita "Dampo wapo?" nikacheka peke yangu. Kituo kina jina la kitu ambacho mahakama ilikiondoa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Vijana wanashuka pale kila siku bila kujua kwamba jina lile ni kumbukumbu ya kesi.

Wazee mnakumbuka. Halmashauri ya Jiji ilikuwa inamwaga taka hapa, zinaungua, moshi na harufu vinaingia hadi vyumbani. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, wakalishinda Jiji Mahakama Kuu. Likaambiwa liache, likatafute mahali pengine. Likaacha? Wapi! Likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda. Jaji Lugakingira alishangaa: hakuwahi kusikia mamlaka ya umma ikienda kortini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Akakataa, na akaigusa Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi.

Hiyo ilikuwa kesi ya madai ya kawaida, jirani anamshitaki jirani kwa kero. Iliyonileta leo ni ya pili yake. Malori yalipoondoka hapa yakaelekea Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, ila wakapita mlango mwingine, unaoitwa mapitio ya mahakama. Hawakuishia kulalamika kwamba harufu inawakera. Walisema uamuzi wenyewe wa kuzileta taka pale ni batili, kwa sababu ramani kuu ya Jiji ya mwaka 1979 ililitenga eneo lile kwa makazi, na Jiji haliwezi kuivunja mipango yake lenyewe.

Hapo ndipo penye utamu. Kwenye rufaa, jaji anauliza kama uamuzi ulikuwa sahihi. Kwenye mapitio hagusi hilo. Anauliza: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Aliyavuka? Alimsikiliza mtu anayeumia? Aliyapima yaliyostahili kupimwa, akayaacha yasiyohusika? Au uamuzi wenyewe ni wa ajabu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia? Mahakama ya Rufani iliyapanga maswali hayo kwenye shauri la Sanai Murumbe, 1990, na mawakili wanayatumia mpaka leo.

Jaji Rubama aliwapa wa Mtongani amri zote tatu (majina yake ya Kilatini siwasumbui nayo). Ya kwanza ilifuta uamuzi, ya pili ikazuia malori, ya tatu ikalilazimisha Jiji litimize wajibu wake wa kutafuta dampo linalofaa. Mnaona kilichokosekana? Jaji hakusema taka ziende wapi. Hana gari la taka, hana fungu la bajeti, na sheria haijampa kazi ya kuchagua. Taka zikaishia Vingunguti. Na Vingunguti nako kuna watu, wengi wao maskini kuliko wa Mtongani. Mimi hukumu ile naipenda, naifundisha, lakini kila nikipita Vingunguti inanikaa kooni.

Utaratibu wa kuomba mapitio nitaupitia haraka. Kwanza unaomba kibali cha Mahakama Kuu, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukikipata, una siku 14 tu za kuleta maombi yenyewe. Nimeona watu wenye haki iliyo wazi wakifungiwa mlango kwa sababu walikaa mwaka mzima wakizunguka ofisi hadi ofisi, "njoo kesho, bosi hayupo." Tena, kama sheria imeweka ngazi ya rufaa, ipande kwanza. Mwenye ugomvi na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, au LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa mfano, kuna Baraza la Ushindani linalosikiliza rufaa hizo. Akiliruka, jaji atamrudisha.

Mama mmoja pale nyuma ameniandikia swali: je, ofisi isipojibu kabisa? Hakuna uamuzi, hakuna barua, kimya tu.

Swali zuri, mama. Kimya nacho kinapitiwa, kwa ile amri ya kulazimisha. Lakini kesi ya Byombalirwa dhidi ya Mkuu wa Mkoa, ya 1986, inataka uonyeshe kwamba uliomba kitendeke, na mwenye wajibu akakataa au akapuuza. Kuomba kwa mdomo dirishani hakutakusaidia. Andika barua. Peleka nakala mbili, moja waipige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Na yule wa masijala akikwambia muhuri hauna wino, mama, kaa pale pale kwenye benchi mpaka wino upatikane.