Njia ya baiskeli au barabara kuu? Köln hadi Bingen kwa baiskeli ya mbio

Ndugu zangu, habari zenu. Wa Tanga, wa Moshi, wa Mombasa, wa Bujumbura, na wewe unayeangalia saa za kazi simu umeificha chini ya meza, karibuni. Nipo Koblenz, Ujerumani. Mto huu mkubwa nyuma yangu ni Rhine, na ule unaoingia pale pembeni ni Mosel. Nimetoka Köln, naelekea Bingen, na leo sijibu maswali ya bei ya baiskeli. Leo ni hili: ukiwa na baiskeli ya mbio, tairi nyembamba, kibegi kimoja nyuma ya kiti, upite njia ya baiskeli au uingie barabara kuu na magari?

Najua mlivyogawanyika. Kina mama mnasema, mwanangu umetengenezewa njia yako, pita humo humo. Vijana wa mazoezi wa Arusha mnasema njia ile ni ya wazee na watoto. Mimi nasema swali lenyewe halijibiwi mara moja kwa safari nzima. Unalijibu upya kila baada ya kilomita chache, na mara nyingine unajibiwa na kibao.

Tuanze na kibao basi. Ukiona duara la bluu lenye baiskeli nyeupe, na kibao kinakuelekea wewe, njia iliyo kando ya barabara hiyo ni lazima uitumie. Ukikutwa barabarani faini ni euro 20. Duara la bluu lenye baiskeli pamoja na mtu mzima aliyemshika mtoto mkono, ni lazima vilevile, ila unagawana na watembea kwa miguu. Sasa hapa ndipo wageni wengi wanapochanganya: vile vibao vyeupe vyenye maandishi ya kijani, vinavyokuonyesha njia ya kwenda mji fulani, havikulazimishi chochote. Vinakuelekeza tu. Na ukiona kibao cha waenda kwa miguu, chini yake kimewekwa cheupe cha kusema baiskeli ruksa, maana yake unaruhusiwa kupita humo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukitaka kukimbia, barabara ni haki yako.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi mwaka 1998, palipokuwa na njia ya baiskeli ulipaswa kuitumia, hata kama imejaa mashimo. Sheria ikabadilishwa, lazima ikabaki penye kibao tu. Halafu mwaka 2010 mahakama kuu ya mambo ya utawala ikasema hata hicho kibao kisiwekwe ovyo, kiwekwe pale ambapo kweli pana hatari kuliko kawaida. Kwa hiyo mtu anayekupigia honi na kukunyooshea kidole kuelekea njia ya pembeni, mara nyingi anakumbuka sheria ya ujana wake.

Haya, upande wa pili. Kuna barabara ambazo baiskeli haikanyagi kabisa. Barabara za kasi za Autobahn mnazijua. Lakini kuna kibao kingine, cha bluu cha mraba chenye gari jeupe limetazama mbele. Hicho maana yake ni vyombo vya moto pekee. Barabara hii ninayoifuata, inaitwa B9, ndiyo inayokufundisha. Kwenye ramani ni mstari mmoja unaofuata mto. Ukiwa juu yake, sehemu fulani ni barabara ya kijiji yenye duka la mikate na kituo cha basi, na sehemu nyingine, hasa huku karibu na Andernach na Koblenz, ni njia nne na magari yanakwenda kama wamechelewa kuzaliwa. Humo huingii. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nafuata barabara kuu tu hadi mwisho", huyo hajaipanda.

Kutoka Köln kwenda Bonn sina mengi. Tambarare, na ukifika Godorf na Wesseling viwanda vya mafuta vinakusukuma mbali na mto, unapita kwenye mabomba na harufu yake. Baada ya Bonn mambo yanakuwa mazuri. Pale Remagen njia ya baiskeli inapita chini kabisa ya minara miwili myeusi iliyobaki ya lile daraja ambalo Wamarekani waliliteka tarehe 7 Machi 1945, likaanguka siku kumi baadaye. Aliye barabarani anaiona minara kwa mbali. Hapo alama moja kwa kina mama.

Sasa tuzungumze usalama, maana hapa ndipo sikubaliani na watu wengi. Katikati ya njia ya baiskeli, ambako hakuna makutano, uko salama, hilo sibishi. Hatari yake iko kwenye makutano na kwenye mageti. Dereva anakata kulia, macho yake yako kwenye magari, wewe unatokea nyuma ya mti kwa kilomita 28 kwa saa. Bibi anayekwenda kilomita 12 atasimama. Wewe hutasimama. Ndiyo maana tangu 2020 lori la zaidi ya tani tatu na nusu likikata kulia mjini linatakiwa kwenda kwa mwendo wa mguu, mahali ambapo baiskeli au watembea kwa miguu wanaweza kutokea. Ukiwa barabarani, mbele ya dereva, angalau anakuona. Kwa hiyo mimi mjini, kama hakuna duara la bluu, nakaa barabarani, tena si pembeni kabisa kwenye mifuniko ya mitaro. Nakaa ndani kidogo, nionekane.

Nje ya mji hesabu inageuka. Gari linalokupita sheria inalitaka liache mita 2, mjini mita 1 na nusu. Wengi wanaacha. Lakini nje ya mji kasi ni kubwa, na anayekosea hukosea mara moja tu.

Na hapa niwaeleze kitu watu wa nyumbani. Kule kwetu ukiwa barabara ya Segera, basi la mkoani likapiga honi nyuma yako, unajua cha kufanya: unashuka kwenye vumbi, linapita, unarudi. Huku, kuanzia hapa Koblenz kwenda juu, bonde ni jembamba mno. Mlima, reli, barabara, njia ya baiskeli, mto, vyote vimebanwa pamoja. Ukielekea Bingen, kulia kwako ni ukuta wa reli. Hakuna vumbi la kushukia. Njia ya baiskeli yenyewe iko kushoto, upande wa mto, ng'ambo ya magari, kwa hiyo ukitaka kuhama lazima uvuke barabara nzima. Na sisi tuliokua tukiendesha kushoto, shingo bado inageukia upande usiofaa kwanza. Geuza mara mbili.

Kwa hiyo kipande hiki, Koblenz hadi Bingen, kilomita 60 na ushee, mimi napita njia ya baiskeli. Ila nina masharti.

La kwanza, uso wa njia. Mizizi ya miti inainua lami, usiku huoni, na tairi ya milimita 25 iliyojazwa upepo hadi inalia itakupeleka kwa fundi. Weka 28 au 32, punguza upepo kidogo. Mji kama Bacharach una mawe ya kupangwa ya zamani, mazuri kwa picha, mabaya kwa mikono. Angalieni pia nguzo fupi wanazopachika katikati ya njia kuzuia magari. Ukiwa nyuma ya mwenzako huzioni hadi yeye akwepe.

La pili ni watu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Jumapili ya jua, mwezi wa saba, njia hii haifai kwa baiskeli ya mbio. Kuna wastaafu na baiskeli za umeme, ambazo mota yake inakata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, kuna mbwa mwenye kamba ndefu kukatiza njia nzima, kuna mtoto anayejifunza. Hao wako mahali pao. Wewe ndiye unayepaswa kupunguza, piga kengele mapema, sema asante. Ukitaka mwendo, toka saa kumi na mbili asubuhi au njoo siku ya kazi. Au panda juu kwenye milima ya Hunsrück, kwenye barabara ndogo za vijiji: lami safi, magari ya kuhesabu, upepo wa bure. Bei yake ni mlima wa kukutoa jasho kabla hujafika.

Vijana wa Arusha, hiyo Hunsrück ndiyo jibu lenu. Hamtaki bibi, hamtaki lori, basi lipieni kwa miguu.

Upande wa pili wa mto, kwenye barabara ya B42, sikushauri kwa safari ya kwanza. Njia ya baiskeli ya upande ule imekuwa na mapengo kwa miaka mingi, na barabara ni nyembamba. Tena usidhani utavuka ukichoka: kutoka hapa Koblenz hadi Mainz hakuna daraja hata moja. Kuna feri, Boppard, St. Goar, Kaub, Bingen, na feri ina saa zake. Utajua ulipo kwa vibao vikubwa vya kilomita kandokando ya mto, vinavyohesabu tangu mji wa Konstanz. Hapa ni 590 na kitu, mwamba wa Loreley ni kama 554, Bingen ni karibu 530. Mimi navitumia kuliko simu, havimalizi chaji.

Mkitaka B9 yenyewe bila magari, kuna siku yake. Utaratibu ulioanza miaka ya 1990: kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita wanafunga barabara za kingo zote mbili, wanawaachia baiskeli. Angalieni kwanza kama mwaka huo ipo, ndipo mpange.

Haya, nazima kamera. Sasa hivi ni saa mbili kasorobo, nataka niwe nimeipita Boppard kabla wastaafu hawajamaliza chai. Aliyepo Koblenz kesho kutwa jioni, narudi kwa treni, tuonane stesheni.