Saa sita ya nani?

SALIM: Karibu nyumbani, dada Zuhura. Habari za Kigali?

ZUHURA: Kigali njema, bando ndilo limeniudhi. Nilinunua la kutumia nje ya nchi, la siku moja. Jumanne usiku naongea na mama kuhusu vipimo vyake. Saa tano kamili, simu kimya. Ujumbe unaingia: muda wa bando umekwisha. Na dakika zimebaki tele!

SALIM: Saa tano ya Kigali ni saa sita usiku Dar. Siku imekwisha.

ZUHURA: Yangu haijaisha.

SALIM: Mtambo wa malipo hausomi saa ya simu yako. Mtandao wa Rwanda unaandika simu ilianza saa ngapi kwa saa ya pale, pamoja na tofauti yake na saa ya kimataifa. Kampuni yako inapiga hesabu. Mwisho wa bando ni kwa saa ya huku. Ndiyo maana shangazi wa Muscat...

ZUHURA: Shangazi huyo!

SALIM: Subiri. Ana ofa ya wikiendi. Oman tangu 2013 wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, zamani ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Basi Ijumaa asubuhi mimi niko kazini, yeye anapiga: "Mwanangu, bado umelala?"

ZUHURA: Na Jumapili?

SALIM: Yeye yuko kazini, ofa hana. Nikimpigia mimi, ananiambia niseme haraka, salio litaisha. Halafu yeye ndiye anaanza habari ya mbuzi.

ZUHURA: Yule mbuzi aliyepotea harusini? Hajapatikana mpaka leo?

SALIM: Kila Ijumaa, dada. Sasa anamshuku fundi wa maturubai.

ZUHURA: Fundi maskini! Mimi nasema ni wapishi.

SALIM: Wapishi walikuwa walipwe mbuzi yule yule!

ZUHURA: Haya, turudi. Marekani, enzi za dakika za bure za usiku, kampuni kadhaa zilifuata saa ya mnara unaokuhudumia. Mteja anahesabiwa pale aliposimama. Hiyo ndiyo haki.

SALIM: Haki ni saa moja kwa wote. Laini ni ya Dar, mkataba ni wa Dar.

ZUHURA: Kongo je? Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, nchi moja. Saa sita ya nani?

SALIM: Kampuni ichague moja, iitangaze kabla hujalipa.

ZUHURA: Kutangaza hakumfanyi mtu wa Kigali aingie kesho saa tano usiku.

SALIM: Na mimi wa Dar nipewe siku fupi kuliko yako kwa bei ile ile?

ZUHURA: Fupi vipi? Sote tunaishia saa sita!

SALIM: Yako inachelewa saa nzima. Sikubali.

ZUHURA: Hata mimi.

SALIM: Fundi mitambo anatuonyesha kidole, dakika moja. Tulikuwa na mambo matatu ya kuangalia kabla ya kununua bando la safari...

ZUHURA: Hayawezekani leo. Wasikilizaji, mtuandikie: fundi wa maturubai au wapishi?