Kesi Isiyokuwa na Mshtakiwa: Bunduki, Majaji na Rai ya Umma Marekani

Mabibi na mabwana, wale mliowahi kunisikia mtaniwia radhi, kwa kuwa naanza tena na Jack Miller, na nitaendelea kuanza naye hadi watu watakapoacha kuniambia kwamba Mmarekani amekuwa na haki ya bunduki mahakamani tangu mwaka 1791. Katiba ilirekebishwa mwaka huo, sikatai. Lakini Mahakama ya Juu ilitamka kwa mara ya kwanza kwamba raia ana haki binafsi ya kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda mwaka 2008, na wengi wenu humu mlikuwa mmekwishaanza shule.

Miller alikuwa jambazi wa Oklahoma. Yeye na mwenzake, Frank Layton, walikamatwa wakiwa wamevuka kuingia Arkansas na bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu, wakashtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1934 iliyotaka silaha za namna hiyo zisajiliwe na kulipiwa kodi. Jaji wa Arkansas akaifuta kesi, akisema kwamba sheria hiyo inavunja Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya mwaka 1791 kuhusu wanamgambo na haki ya silaha. Serikali ikakata rufaa moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu, na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu: upande wa pili hakutokea mtu. Wakili wa watuhumiwa alituma simu ya maandishi kusema kwamba wateja wake hawakumpa fedha za kusafiri, basi mahakama iamue kwa hoja za serikali tu. Mwezi Aprili mwaka 1939 Miller akakutwa amekufa kwa risasi, na mwezi Mei hukumu ikatoka: hakuna ushahidi mbele ya mahakama kwamba silaha hiyo ina uhusiano wa maana na kudumisha jeshi la wanamgambo. Nani angeuleta ushahidi huo, marehemu?

Kwa miaka 69 mahakama za chini ziliitegemea hukumu hiyo ya upande mmoja kusema kwamba haki ya silaha inafungamana na wanamgambo. Mwaka 1991 Warren Burger, Jaji Mkuu mstaafu aliyeteuliwa na Rais Nixon, na ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpenda mageuzi, alisema kwenye televisheni kwamba tafsiri ya haki binafsi ni moja ya ulaghai mkubwa waliofanyiwa Wamarekani.

Najua kuna atakayeninong'oneza kwamba Katiba imeandikwa, basi isomwe tu. Ndugu yangu, sentensi yenyewe kwa Kiingereza ina maneno 27, nusu yake ya kwanza ikitaja wanamgambo na nusu ya pili haki ya watu. Majaji tisa waliisoma mwaka 2008 katika kesi ya Dick Heller, mlinzi wa Washington, wakagawanyika watano kwa wanne. Hakuna kati yao aliyekosa kamusi. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake.

Kilichobadilika ni watu. Mwaka 1959 shirika la kura za maoni, Gallup, lilikuta kwamba asilimia 60 ya Wamarekani walitaka bastola zipigwe marufuku isipokuwa kwa polisi na wenye idhini maalumu. Mwaka 1977, mjini Cincinnati, wanachama wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, waliwapindua viongozi wao waliojali zaidi ulengaji shabaha na uwindaji, na tangu hapo chama kikawa cha siasa. Ilipofika kesi ya Heller, karibu robo tatu ya wananchi walikwishaamini kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Jaji Scalia, aliyeiandika hukumu hiyo ya 2008, basi, aliandika jambo ambalo nchi ilikuwa imeshaliamua nyumbani.

Mtauliza: kama majaji hufuata watu, mbona ukaguzi wa kila mnunuzi, unaotakwa na zaidi ya asilimia 80, haupo katika sheria ya shirikisho? Hilo si la mahakama, na nimechoka kulirudia. Mwaka 2013, baada ya watoto 20 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, pendekezo la kupanua ukaguzi huo lilipata kura 54 za Seneti dhidi ya 46, likaanguka kwa sababu zilihitajika 60. Heller yenyewe iliacha mlango wazi kwa masharti.

Saa inanikimbiza. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama ilifuta sharti la New York la kubeba bastola lililodumu zaidi ya miaka mia moja, ikaagiza kila sharti lipimwe kwa historia. Siku hiyohiyo Seneti, ikiwa bado na machungu ya mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, ilipitisha sheria ya kubana bunduki. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane walikubali kwamba aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Aliyepinga peke yake ni Clarence Thomas, yuleyule aliyeiandika hukumu ya 2022. Karibuni kwa maswali.