Pengo la Magogo na Msizi wa Amani

Ndugu wasikilizaji, mnaonijua mtaniwia radhi nikianza tena na msizi, ule mti wa kuletwa, kwa kuwa kila ninaposimama kuzungumzia milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, huulizwa swali lilelile: ikiwa uvunaji wa magogo kwa mashine ulikoma katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyo milimani humo, ikatangazwa mwaka 1997, na milima sasa imerudi kuwa ya kijani, tunalalamikia nini?

Tuingie chini ya kijani hicho. Mtambara mmoja mkubwa, mti wa asili wa msitu huu, ukiangushwa hulalia miti mingine, kisha trekta la kuvuta magogo hukata njia yake, na jua na upepo huingia mahali palipozoea kivuli na unyevunyevu. Udongo hukauka, na miche iliyozaliwa kivulini huungua. Hapo ndipo msizi hupata nafasi. Ni mti wa Afrika, kwao ni Kagera, Uganda na Kongo, lakini Amani uliletwa na watu, na hondohondo akalipenda tunda lake. Ndege huyo humeza, huruka mbali, huidondosha mbegu, nayo ikiangukia pengo lenye jua humea na kukua kwa kasi ambayo miche ya asili haiiwezi.

Nitaambiwa kwamba mti ni mti. Hapana, jamani! Majani ya msizi huoza upesi, hivyo ardhi hubaki na blanketi jembamba la majani makavu, na mvua ya Amani, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huupiga udongo ulio wazi. Maji yaliyopaswa kunywewa na udongo taratibu hukimbilia Mto Zigi yakiwa na tope, na Zigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, ambalo Jiji la Tanga hulitegemea kwa maji ya bomba.

Nilikusudia kueleza pia juu ya iliki, lakini muda umeniishia. Niseme tu kwamba mkulima wa iliki huiacha miti mikubwa na kufyeka miche yote iliyo chini yake, kwa hiyo wazee hao wakianguka hawana warithi.

Kwa hiyo nawaomba maofisa misitu mlio hapa: taarifa zenu zisiishie kwenye hekta zilizofunikwa na miti. Ingieni chini ya misizi, mhesabu miche ya mtambara na ya msambu, miti ya asili ya hapa, kisha mtuletee idadi hiyo.