Dhahabu nyekundu: namjibu bibi yangu wa Wete

Assalaam alaykum jamani, hamjambo huko? Wazee wangu, shikamooni. Leo sitembei mjini, nimekaa chumbani kwangu hapa Cardiff na mvua iko dirishani. Ni kwa sababu ya bibi. Wiki iliyopita niliwaonyesha kichupa chenye maji mekundu, wengine mkaandika kwamba ni sharbati ya komamanga. Nikasema ile ni dhahabu. Jioni bibi akapiga simu kutoka Wete, Pemba: "Mjukuu wangu, ulituaga hapa unakwenda kusoma kemia. Sasa umekuwa sonara?"

Bibi, mimi si sonara. Lakini umeuliza jambo zuri, na nataka nikujibu vizuri, na wenzako wasikie.

Bangili zako zile ulizovishwa harusini, hadi leo ziko vilevile. Jasho, sabuni, maji ya bahari, hakuna kilichozibadilisha. Ndiyo maana tunaiamini dhahabu: haishiki kutu, haichanganyiki na kitu ovyo. Kwa sababu hiyohiyo, wanakemia kwa miaka mingi waliiona haina kazi. Sisi tunatafuta vichocheo, yaani kitu unachokitia kidogo ndani ya mchanganyiko, kikaharakisha mabadiliko, kisha chenyewe kikabaki. Metali ya platini inafaa, ya paladi inafaa. Dhahabu iliachwa pembeni, kwani kitu kisichoshikana na chochote kitamsaidia nani?

Akatokea Mjapani, Masatake Haruta. Mwaka 1987 alitangaza kwamba dhahabu ikiwa chembe ndogo sana, za nanomita chache, na ikikalishwa juu ya oksaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, au ya metali nyingine, inaigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni daioksaidi hata kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kaboni monoksaidi ndiyo ile hewa isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa wamefunga madirisha. Sasa huo udogo muuelewe: unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe ya nanomita 2 ina atomi mia chache tu, na nusu yake au zaidi ziko juu, nje, zinakutana na hewa. Kwenye bangili karibu atomi zote zimefichwa ndani, hazikutani na mtu.

Lakini si udogo peke yake, na hapa ndipo ninapopapenda. Waliotangulia nao walijaribu kuipata dhahabu ndogo hivyo, ikawashinda. Walikuwa wanalowesha unga wa oksaidi kwa chumvi ya dhahabu, yaani dhahabu iliyoungana na klorini, wanakausha, wanachoma. Klorini iliyomo kwenye ile chumvi ilibaki, na ikibaki, chembe zinakimbiliana na kuungana zikiota moto, zinakuwa mabonge. Haruta aliishusha dhahabu taratibu kwenye maji yenye alkali kidogo, kisha akaosha klorini itoke. Dhahabu ni ileile. Kilichokuwa kikiharibu ni maandalizi. Nilipolisoma hili mara ya kwanza sikulala, maana miaka yote watu waliilaumu dhahabu.

Namna ninavyotengeneza ile nyekundu sasa. Nachukua maji yenye chumvi ya dhahabu, rangi yake manjano hafifu, nayachemsha yatokote. Namimina sitreti, ni jamaa ya ile asidi iliyomo kwenye ndimu. Manjano inapotea kwanza, maji yanabaki hayana rangi kabisa, unaweza ukadhani umeharibu. Halafu yanaingia weusi wa buluu, yanapita zambarau, na mwisho yanatulia kwenye wekundu wa damu ya mzee. Dakika chache tu. Chembe za dhahabu zilizozaliwa humo zinameza mwanga wa kijani, kinachotufikia machoni ni nyekundu. Michael Faraday alitengeneza maji kama haya London miaka ya 1850, na aliona kitu ambacho nanyi mtakiona hapa. Subirini nisogeze kamera.

Hii ni chumvi ya mezani, tone moja la maji yake. Tizameni. Imekwenda buluu! Chembe zilikuwa zinasukumana kwa chaji zake za umeme, chumvi imeuzima ule msukumo, zimeshikana. Na zikishikana hivyo, hata kwenye kazi ya kichocheo nguvu yake inapungua.

Mwezi wa pili nilipata uchungu mkubwa kwa jambo hili. Siku nne mfululizo maji yangu yalikuwa yanatoka zambarau yenye tope. Nilibadilisha kila kitu, mwishowe nikagundua ni chupa: zilikuwa na mabaki ya kazi ya mtu mwingine. Tangu hapo naziosha mwenyewe kwa mchanganyiko wa asidi mbili, ya naitriki na ya haidrokloriki, ndio mchanganyiko maarufu unaoiyeyusha dhahabu, na nasuuza hadi nachoka. Wanafunzi wa skuli za kwetu mnaonisikiliza, vyombo safi kwanza.

Dhahabu ikishakuwa tayari, napima kama inafanya kazi ya kichocheo. Kuna kitu kinaitwa naitrofenoli, ukikitia kemikali nyingine, borohaidraidi, kinakuwa manjano makali, na kinaweza kukaa hivyohivyo muda mrefu. Tia dhahabu kidogo. Manjano inafifia mbele ya macho yako mpaka maji yanabaki hayana rangi. Kimegeuka aminofenoli, na hiyo aminofenoli ndiyo inayotumika kutengenezea parasetamoli. Nimeifanya mara nyingi sana na bado nasimama kuangalia.

Bibi utauliza faida yake kwetu. Kile kipimo cha malaria cha kuchoma kidole, mstari mwekundu unaotokea, kwenye vipimo vingi rangi yake ni chembe za dhahabu. Pemba nzima mmeshaishika dhahabu hii zahanati bila kuambiwa.

La pili ni zebaki. Plastiki ya mabomba ya maji, ile PVC, viwanda vingi vya China vinaitengeneza kwa gesi ya asetilini, na kichocheo chake miaka na miaka kilikuwa kloraidi ya zebaki. Mwanakemia Graham Hutchings, ambaye baadaye alikuja kufundisha mji huuhuu ninaoishi, alisema mwaka 1985, alipokuwa Afrika Kusini, kwamba dhahabu itaishinda zebaki kwa kazi hiyo. Imethibitika, na kiwandani imeshaingia. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba pale dhahabu haiko hata kwa chembe, ni atomi mojamoja zimetawanyika juu ya kaboni. Na mimi nawakumbuka wachimbaji wadogo wa Geita, wanaokamata dhahabu kwa zebaki kisha wanaichoma na kuvuta ule mvuke. Zebaki ikiingia majini inaingia kwenye samaki, na sisi watu wa visiwani tunaishi kwa samaki. Kila inapoondoshwa zebaki mahali, hata kiwanda cha mbali, mimi nafurahi kwa dhati.

Sasa siri yangu. Zile karafuu alizonifungia mama kwenye kanga nilizitumia kidogo. Wako watafiti waliokwisha kutengeneza chembe za dhahabu kwa maji ya karafuu, maana yujinoli, ile inayoipa karafuu harufu yake, na vitu vyengine vilivyomo vinafanya kazi ya sitreti. Jumamosi nilizichemsha, maabara nzima ikanuka Wete siku ya kuanika. Nikamimina dhahabu, na rangi ikabadilika haraka kuliko nilivyozoea. Nyekundu yake imeingia uzambarau, nadhani ukubwa wa chembe haulingani. Wiki ijayo nimepewa zamu ya hadubini ya elektroni, nitaziona.

Mama, msimu ukianza nitumie nyengine, za mti uleule wa nyuma ya nyumba. Na makonyo nayo, vile vijiti vya karafuu, nayataka, usiyatupe wala usiyachanganye. Yafunge mbali, uyaandike jina.